Maziwa Hayaoshi Kifua

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimkuta mmoja wenu, vijana, nje ya kanisa akinywa maziwa. Jina simtaji, mwenyewe anajijua: ni yule wa kwaya, upande wa besi, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri kuliko nyasi za meya. Wala hakuwa na kikombe. Alikuwa na chupa nzima, ile kubwa ya plastiki, ameiinua juu kama tarumbeta. Nikamuuliza, "Mwanangu, vipi? Nyumbani hawakupi chakula?"

Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yenu. Mnaelewa kila tunachosema, lakini mkifungua mdomo ni Birmingham tupu. Akaniambia amepata kazi kwenye karakana ya kukata mawe, yale yanayowekwa juu ya makabati ya jikoni. Vumbi ni jingi, akasema, hadi kope zinakuwa nyeupe, lakini nisiwe na wasiwasi, kila jioni anakunywa maziwa. Yanaosha kifua. Mama yake ndiye aliyemfundisha.

Nilirudi nyumbani Northfield kwa basi. Mama Riziki, mke wangu, aliniuliza kama ni mahubiri yaliyonichoma. Nikamwambia yaliyonichoma ni maziwa, naye akaja kuketi karibu yangu, kwa sababu alijua namkumbuka nani. Ndiyo maana nimekaa kuandika, na naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Asiyeweza kusoma amwombe mama yake amsomee, na mama naye asikie.

Mimi ni mwashi. Nimestaafu, ingawa magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Nilijifunza tofali Uvira, kuanzia matopeni: unakanyaga udongo kwa miguu, unaujaza kwenye kalibu, unafyatua, unaanika, unapanga tanuri, unachoma. Vita vikatukimbiza, nikafyatua tena kambini Kigoma. Nilipoletwa nchi hii nilidhani nitajenga maghorofa. Thubutu! Muda wangu mwingi nimeutumia kutibu nyumba za watu waliokufa zamani.

Nyumba ninayotaka kuwaeleza iko mashambani, kusini mwa jiji, mahali penye kondoo na tope na mvua ya ubavuni. Sisi tuliiita Nyumba Nyekundu. Siku ya kwanza nilipoiona nilikuwa kwenye gari la kazi, kioo kimejaa ukungu, nikakifuta kwa mkono wa koti, na hapo nikaona tofali. Tofali mpaka juu. Dohani zake, yaani yale mabomba ya moshi ya juu ya paa, zilikuwa zimesokotwa kwa matofali kama nywele za msichana anayekwenda harusini. Nikasema moyoni, huyu aliyejenga hapa alikuwa na wazimu, na mimi nampenda.

Kando ya nyumba kuna bwawa. Wenzangu walidhani ni la mapambo. Mimi nililitazama nikajua: hapo ndipo walipochimba udongo. Hata kwetu kila penye tanuri pana shimo, na shimo likijaa maji watoto wanakatazwa kulikaribia. Kwenye kuta kulikuwa na maumbo makubwa ya almasi ya matofali meusi, yamepangwa ndani ya wekundu. Mnajua weusi ule unatoka wapi? Tofali linalokaa karibu sana na moto linaungua kupita kiasi, linakuwa jeusi, linang'aa kama chungu. Uvira tulikuwa tunayatupa kwenye msingi, yasionekane, tunaona aibu. Wale mabwana waliyachukua yaleyale yaliyoungua wakayafanya pambo la mbele ya nyumba. Nilisimama pale mvua inaninyeshea, nikacheka peke yangu.

Fundi mwenzangu alikuwa Wafula, Mkenya wa Kitale. Mrefu, mwenye miwani, mwenye sauti. Nyinyi mnaosimama besi sasa hivi mnajitahidi, siwavunji moyo, lakini hamjamsikia Wafula. Akishuka chini kwenye noti, benchi linatetemeka ukiwa umekalia. Kazini aliimba kuanzia kupanda jukwaa mpaka kushuka. Kondoo walisogea uzioni kumsikiliza. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba ni kwa sababu wao hawajui Kiswahili cha Kenya, wangekijua wangekimbia.

"Wacha wivu, Baba Riziki," alikuwa akinijibu. "Nyinyi Wakongo mnaimba na kiuno. Sisi tunaimba na mapafu."

Aliyetufundisha kazi ile alikuwa mzee wa Kiingereza, Derek. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi katika hayo machache yalikuwa matusi. Lakini mikono yake! Derek ndiye aliyetufundisha chokaa. Mimi na Wafula tulikuwa watu wa saruji. Kwetu mtu akijenga kwa saruji anaheshimika, akijenga kwa udongo au chokaa anahurumiwa. Derek akatuambia tusahau. Nyumba ya zamani, alisema, inapumua. Mvua inapiga ukuta, maji yanaingia kidogo, kisha jua likitoka yanarudi nje kupitia ile chokaa laini iliyo kati ya matofali. Chokaa inapaswa kuwa dhaifu kuliko tofali, ili kikiharibika kitu, iharibike chokaa. Chokaa utaibadilisha. Tofali la zamani utalitoa wapi?

Akatufundisha kuloweka tofali kabla ya kulipanga, maana tofali kavu linanyonya maji yote ya chokaa na kuiacha unga. Akatufundisha kufunika kazi kwa gunia bichi, na kuisubiri. Ukibonyeza kidole gumba, kikiacha alama, bado. Kisipoacha alama, unaipigapiga kwa brashi ngumu. Wafula hakuwa na subira hiyo. Siku moja aliionea chokaa huruma, akaitilia kiganja cha saruji, kisirisiri, kama bibi anayeongeza chumvi kwenye mboga ya mkwewe. Kesho yake Derek alipita, akakwaruza kwa ufunguo wa gari lake, akasimama. Hakuuliza ni nani. Alimkabidhi Wafula tindo na nyundo na kumwonyesha ukuta wote alioujenga jana yake. Wafula aliubomoa huku akiimba pambio la toba, mpaka Derek mwenyewe akageuka pembeni kuficha kicheko.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo balaa linapoanzia. Zamani kidogo kabla yetu, mafundi wengine walikuja kuitengeneza nyumba ile wakajaza mianya yote ya kati ya matofali kwa saruji. Walikuwa na nia njema. Lakini saruji haipitishi maji. Maji yaliyoingia ukutani yakakosa pa kutokea, yakatokea kwenye tofali lenyewe, baridi ikaja ikayagandisha, na tofali likaanza kubanduka uso. Ukuta wa mashariki ulikuwa wa kusikitisha. Matofali yameliwa, saruji imebaki imesimama kama fremu zisizo na picha. Ukipitisha mkono, unga mwekundu unamwagika kwenye kiatu.

Dawa ni kuitoa saruji yote. Derek aliitoa kwa tindo, mwanya baada ya mwanya, polepole, kwa sababu tindo ikiteleza inamega kingo za tofali. Kazi ya kuchosha akili. Lakini bega la Derek likaharibika, akapumzishwa, na akaletwa msimamizi mwingine aliyetaka ukuta uishe kabla ya baridi kali. Alikuja na grainda, ile mashine ya diski inayozunguka.

Grainda mnaijua nyinyi. Inakata kwa dakika kitu ambacho tindo itakihangaikia nusu siku. Na vumbi lake mnalijua. Ukuta ulipotea. Mtu wa jukwaa la juu hakumwona wa chini. Tulipewa barakoa, zile za mpira zenye vichungi viwili mashavuni. Siwezi kusema hatukupewa. Wafula aliivaa siku ya kwanza, akaivua kabla ya chai. Miwani ilifunga ukungu, akasema. Lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ilikuwa nyingine.

"Sasa nitaimba aje na hii kitu?" aliniuliza. "Wamenifunga mdomo kama ndama anayeachishwa kunyonya."

"Usiimbe," nikamwambia.

"Nisiimbe? Basi nikate nini, nikate tofali ama nikate roho?"

Akaitundika shingoni, na ikabaki shingoni mpaka kazi ile ilipokwisha. Na msidhani alikuwa mjinga wa kutojali afya yake. Alijali sana! Kila jioni, tukiwa njiani kurudi mjini, alimsimamisha dereva dukani akanunua maziwa. Aliyanywa palepale, kwa heshima, kama mtu anayemeza dawa ya daktari. Kwao, alisema, wapaka rangi, wachomeleaji vyuma, wapakiaji wa saruji, wote hupewa maziwa na mwajiri anayejali watu wake. Na mimi ningembishia nini? Hata Uvira wapakiaji walikunywa maziwa. Hata kambini. Baba yangu angelisema vilevile. Kwa hiyo nikanywa naye, na kijana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa anatucheka naye akaanza kunywa, akasema analala vizuri.

Tofauti ni moja tu: mimi siimbi. Barakoa haikuninyima kitu, nikaivaa. Hiyo ndiyo sababu niko hapa naandika. Si akili, jamani, ni kukosa sauti.

Wafula alipenda maziwa hata kwenye chai, na hapo hakutaka mzaha. Chai isiyo na maziwa, ile Wakenya wanaiita strungi, hakuigusa. "Strungi ni chai ya mtu aliyekosana na bibi yake," alikuwa akisema. Tukiishiwa maziwa kwenye kibanda cha kazi, Wafula alikunywa maji.

Ukuta ulipoisha tukapanda kwenye dohani. Ile kubwa ya sebuleni ilikuwa imepinda, ndege wameifanya mji. Tuliishusha tofali kwa tofali, kila moja tukaliandika namba kwa chaki, tukaipandisha tena. Ule msokoto haujengwi kwa macho. Kila safu unaweka juu yake kigezo cha ubao, unakizungusha kidogo, unapanga kwa kukifuata. Ukikosea safu moja, msokoto unakuwa kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Kwa ndani, pale moshi unapopita, Derek, aliyekuja siku moja na bega lake limefungwa ili kutuelekeza, alisema tupige lipu ya chokaa iliyochanganywa na samadi ya ng'ombe. Ndivyo walivyofanya wa kale. Haipasuki kwa joto.

Wafula alishuka ngazi mbio. "Samadi? Derek amesema samadi? Leo mniachie mimi!" Nyumba ya mama yake Kitale ilikuwa inasiribwa kwa samadi, na yeye ndiye aliyekuwa akiibeba. Akaenda kwa jirani mwenye ng'ombe akiwa na ndoo mbili, akarudi anaimba, akakunja mikono ya shati, akaanza kukanda. Sikuwahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile katika baridi ya nchi hii. Aliingia ndani ya dohani mpaka mabega, akaisiriba kwa kiganja.

"Baba Riziki," alinitolea sauti kutoka humo ndani, "siku watakapowasha moto hapa, mimi na wewe tutakaa mbele kabisa. Viti vya wageni rasmi. Tutaota huu moto mpaka suruali zinukie."

Nikamwambia amina.

Kikohozi kilikuja baadaye, kilipoona kazi imeisha. Mwanzoni alikilaumu chumba chake, kisha baridi, kisha pilipili za migahawa ya Balsall Heath. Kanisani nilianza kusikia shimo kwenye wimbo. Noti ndefu ile ya mwisho, ambayo Wafula alikuwa akiishika mpaka mchungaji anafungua macho kuangalia kama kuna usalama, alikuwa anaiacha katikati. Halafu akawa anaimba ameketi. Halafu akawa anafungua mdomo tu, sauti haitoki, na sisi tuliomjua tukawa tunatazama chini. Wakati wote huo aliongeza maziwa. Asubuhi, mchana, jioni.

Nilimpeleka mwenyewe hospitali, Edgbaston. Daktari alikuwa mama mpole. Alituonyesha picha ya mapafu, madoa meupe yametapakaa, akatueleza kwamba vumbi la tofali na la mawe ni dogo kuliko jicho linavyoweza kuona, linakwenda chini kabisa, na likifika halitoki. Mapafu yanajaribu kulifunika, yanafanya kovu, na kovu halipumui. Hakuna dawa ya kuliondoa. Aliuliza kama alivaa barakoa. Wafula akasema alikuwa akinywa maziwa.

Yule daktari aliiweka picha mezani. Kisha akasema, kwa upole, kwamba njia ya maziwa na njia ya hewa si moja. Maziwa yanakwenda tumboni.

"Yote?" Wafula akauliza.

"Yote."

Wafula akalitazama tumbo lake, akalipapasa. "Ndiyo maana nimenenepa," akaniambia kwa Kiswahili, na mimi nikashindwa kucheka. Tulipotoka nje akasimama ameshika nguzo ya taa, akivuta pumzi, watu wanapita na miavuli. Hapo ndipo aliponiambia neno ambalo sijalisahau. "Mimi sikuwa mzembe, ndugu yangu. Nilikuwa nafuata dawa." Nililia mbele ya watu, sioni haya kusema.

Wakampa mtungi wa hewa ya oksijeni wa kubeba na kibomba cha puani. Ukuta wa mashariki, ule alioutoa saruji, ulikuwa umeshakauka; maji yalipata njia. Nilikuwa nakwenda kuukagua, nagusa tofali, zima, imara. Nikitoka pale nampitia Wafula nyumbani kwake, namkuta amekaa kitandani ameegemea mito, kwa sababu akilala chali anazama.

Mwanzo wa baridi iliyofuata, mama mwenye nyumba, mjane mmoja mzee, alituita mafundi wote. Alitaka kuwasha moto wa kwanza kwenye dohani kubwa. Nikasita kumwambia Wafula. Akasikia kwa mwingine, akanipigia: "Wewe unataka kwenda kuota moto wangu peke yako?" Nikamchukua kwa gari. Alivaa suti ya kwaya.

Tulipofika, nikafungua mlango wake, na hapo ndipo sote wawili tuliukumbuka ule mtungi. Mtungi wa hewa haukaribishwi penye moto, unalipuka. Na bila mtungi asingefika hata mlangoni. Wafula alikigusa kibomba puani. Kisha akasema, "Funga mlango, baridi inaingia. Nenda wewe."

Sikwenda. Nilirudi kwenye usukani nikakaa. Kupitia dirisha kubwa tuliwaona wenzetu ndani wakisogeza viti, Derek akiwa amekaa mbele kabisa na bega lake. Kisha mwanga ukatokea. Wafula akafuta kioo kwa mkono wa suti, akainua macho juu ya paa. Tulingoja. Moshi ukatoka juu ya ule msokoto, mwembamba kwanza, kisha mzito, ukapanda wima bila kurudi chini.

"Inavuta," akasema.

"Inavuta vizuri," nikasema.

"Inavuta kuliko mimi." Akatikisa kichwa, akaendelea kuitazama, kibomba kikivuma puani. Aliitazama muda mrefu, na midomo yake ilikuwa inacheza. Nikatambua kwamba anaimba. Haikusikika.

Msichana mmoja wa pale akatoka na sinia, akanigongea kioo, akauliza chai yetu tunaipendaje. Nikajibu kwa mazoea, maziwa kwa wingi kwa mwenzangu. Wafula akaniwekea mkono begani.

"Mwambie strungi," akasema. "Maziwa nimekunywa ya kutosha."

Tukacheka, Mungu anajua tulicheka. Mimi nikamaliza kucheka, lakini cha kwake kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha mpaka tunaingia Northfield. Hakurudi tena mashambani. Alizikwa na suti ileile, na kwaya iliimba bila mtu wa kushika ile noti ya mwisho.

Kile kiti unachokalia kwenye besi, kijana, kilikuwa chake. Maziwa kunywa, ni matamu, sikukatazi. Jumapili nakuletea barakoa, ya vichungi viwili, nimeshainunua. Wewe njoo umenyoa ndevu. Barakoa haishiki penye ndevu.